Filamu za mtandaoni katika viti vya nyuma vya gari: Unachofaa kujua kabla ya kununua kifaa

WENYE magari ya kifamilia yaliyoagizwa kutoka Japani aghalabu hujikuta na skrini nzuri iliyofungwa darini au nyuma ya viti vya mbele, ilhali hawana la kuifanyia. Gari liliposhushwa bandarini Mombasa, skrini hiyo ilihesabiwa miongoni mwa mapambo yaliyopandisha bei. Likishasajiliwa na kuanza safari za shuleni na mashambani, kinachoonekana humo ni maandishi ya Kijapani na kioo cheusi.

Baadhi ya wenye magari hayo wamepata njia ya kuifufua. Hutumia vifaa vidogo vya kutiririsha filamu kutoka mtandaoni, vilivyoundwa kwa ajili ya runinga za sebuleni, na kuviunganisha na skrini za gari. Watoto hutazama vibonzo safari nzima na mzazi huendesha kwa utulivu.

Hata hivyo, wengi hukimbilia dukani kununua kifaa kwanza, kisha wakagundua kwamba gari lao halina pa kukichomeka. Wengine hufaulu kupata picha, lakini gharama ya intaneti ikawashtua kabla ya mwezi kwisha. Kuna pia waliounguliwa na nyaya kwa sababu ya kazi ya haraka haraka.

Ukweli ni kwamba kifaa chenyewe ndicho sehemu ndogo zaidi ya shughuli hii. Yanayoamua iwapo mradi utafaulu ni mambo manne: mlango wa kuingizia picha, umeme, sauti na intaneti. Makala haya yanaeleza kila moja ili msomaji ajue la kukagua kabla ya kutoa pesa mfukoni.

KWA NINI SKRINI HUKAA BURE

Skrini za darini hupatikana sana katika magari kama vile Toyota Alphard, Toyota Voxy, Toyota Noah, Nissan Serena na Nissan Elgrand. Kwa kawaida skrini hiyo haijitegemei. Hupokea picha kutoka kwa mtambo mkuu ulio kwenye dashibodi, ule ambao wengi huuita redio.

Mtambo huo ulitengenezwa kwa matumizi ya Japani. Nchi hiyo hurusha runinga ya dijitali kwa mfumo unaoitwa ISDB-T, ambapo Kenya, iliyohamia dijitali mwaka 2015, hutumia mfumo wa DVB-T2. Mifumo hiyo miwili haielewani. Ndiyo maana mtambo wa Kijapani hutafuta stesheni mchana kutwa na usiambulie hata moja, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mnara wa mawimbi.

Redio nayo ina kasoro inayofanana na hiyo. Masafa ya FM nchini Japani huanzia megahezi 76 na kwa miaka mingi yalikomea 90, kabla ya kuongezwa hadi 95. Hapa Kenya stesheni huanzia 87.5 hadi 108. Kwa hivyo mitambo mingi ya Kijapani hunasa stesheni chache tu za humu nchini.

Hata DVD zina mipaka yake. Kampuni za filamu ziligawa ulimwengu kwa maeneo. Japani iko katika eneo la 2, nayo Kenya iko katika eneo la 5. Diski halali iliyonunuliwa Nairobi yaweza kukataliwa na mtambo wa Kijapani.

KIFAA CHENYEWE NI KIPI

Kifaa cha kutiririsha ni kompyuta ndogo mno, mara nyingi yenye umbo la kijiti kinachotoshea kiganjani. Hupokea filamu kupitia Wi-Fi na kuituma kwenye skrini kupitia plagi ya HDMI. Chenyewe hakina kioo wala spika.

Vinavyojulikana zaidi ni Chromecast ya kampuni ya Google, iliyozinduliwa mwaka 2013. Fire TV Stick ya Amazon, iliyofuata mwaka 2014. Na vifaa vya Roku. Google ilitangaza mwaka 2024 kwamba imeacha kutengeneza Chromecast, ingawa zilizokwisha kuuzwa zingali mikononi mwa watu.

Watengenezaji wa magari nao hawakulala. Magari ya Jeep Wagoneer na Grand Wagoneer ya mwaka 2022 yalitoka kiwandani yakiwa na Fire TV ndani ya skrini za nyuma. Mwaka huo huo, BMW ilizindua gari la i7 ambalo abiria wa nyuma wanaweza kuteremshiwa skrini ya inchi 31.3 kutoka darini, nayo pia ikiwa na Fire TV. Hata hivyo, hayo ni magari ya bei ya kukata na shoka. Kwa mwenye Voxy iliyotumika, njia iliyopo ni kuongeza kifaa kwa mkono wa fundi.

ANZA NA MLANGO WA PICHA

Hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Washa gari, kisha ubonyeze kitufe chenye maandishi MODE, SOURCE au AV. Tazama majina yanayojitokeza. Ukiona HDMI, VTR au AUX, basi mtambo wako una njia ya kupokea picha au sauti kutoka nje.

Jina likiwa HDMI, kazi yako ni nyepesi. Unahitaji tu kebo ya HDMI ya kufikisha kijiti kwenye tundu hilo. Tundu lenyewe huenda likawa ndani ya kijisanduku cha dashibodi, chini ya mahali pa kuegemeza mkono, au nyuma ya mtambo ambapo ni fundi pekee anayeweza kufika.

Jina likiwa VTR au AUX, mambo hubadilika. Mlango huo hutumia mfumo wa zamani wa plagi tatu za rangi: ya manjano hubeba picha, nyeupe na nyekundu hubeba sauti. Katika baadhi ya magari, plagi hizo tatu zimeunganishwa katika tundu moja dogo la duara mfano wa lile la hedifoni. Jihadhari na tundu hilo, kwani mpangilio wa nyaya zake haulingani baina ya watengenezaji. Kebo isiyo yake yaweza kutoa sauti bila picha, au mvumo mtupu. Kadhalika, AUX nyingine hupokea sauti pekee, hivyo ni vyema kuhakikisha.

Ili kijiti cha HDMI kizungumze na plagi za rangi, huna budi kununua kigeuzi. Hiki ni kijisanduku kidogo ambacho upande mmoja huingia HDMI na upande wa pili hutoka plagi tatu za rangi. Angalia vyema mwelekeo wake unaponunua. Kuna vigeuzi vinavyofanya kazi kinyume, yaani kutoka plagi za rangi kwenda HDMI, na havibadilishani kazi hata vikifanana kama shilingi kwa ya pili.

Iwapo mtambo hauna mlango wowote, angalia skrini yenyewe. Skrini nyingi zilizofungwa na mafundi baadaye, na hasa zile za nyuma ya viti, zina milango yao ya HDMI, USB au ya plagi za rangi. Kama nazo hazina, ni nafuu kubadilisha skrini au mtambo kuliko kulazimisha.

PICHA NYEUSI, PICHA INAYOYUMBA

Kuna vikwazo viwili ambavyo huwapiga chenga hata mafundi wazoefu.

Cha kwanza ni tofauti ya mifumo ya rangi. Japani hutumia mfumo wa NTSC, Kenya ilirithi ule wa PAL. Vigeuzi vingi vina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua kati ya viwili hivyo. Swichi ikiwa kwenye PAL, skrini ya Kijapani yaweza kuonyesha picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka bila kutulia. Mtu hudhani kigeuzi ni kibovu, kumbe dawa ni kusukuma swichi hiyo hadi NTSC.

Cha pili ni kinga ya hakimiliki iitwayo HDCP. Filamu za kulipiwa hutumwa zikiwa zimefungwa kwa kufuli ya siri, na kila kifaa kilicho njiani sharti kiwe na idhini ya kuifungua. Baadhi ya vigeuzi vya bei ya chini havielewani na kufuli hiyo. Matokeo ni kwamba menyu huonekana vizuri, lakini filamu inapoanza kioo huwa cheusi. Kwa sababu hiyo, usiridhike dukani kwa kuonyeshwa menyu pekee. Itisha filamu ichezwe kwa dakika chache kabla ya kulipa.

UMEME USIOKATIKA WALA KUUNGUZA

Kijiti cha kawaida kinahitaji umeme wa volti 5 na angalau ampia 1. Matundu mengi ya USB yaliyokuja na gari, hasa ya kuchezea muziki, hutoa ampia 0.5 pekee. Kijiti kilichochomekwa hapo huwaka, huonyesha nembo yake, kisha hujizima na kuanza upya bila kikomo.

Suluhu ni chaja ya USB ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, yenye uwezo wa ampia 2 au zaidi katika kila tundu. Kumbuka kwamba kigeuzi nacho kinahitaji umeme wake, hivyo chagua chaja yenye matundu mawili. Magari madogo hutumia volti 12, lakini mabasi na malori mengi ni ya volti 24. Chaja iandikwe kwamba inakubali 12 hadi 24 ikiwa ni ya magari hayo. Hakuna haja ya inveta ya kupandisha umeme hadi volti 240 kisha kuushusha tena hadi 5. Huko ni kupoteza nguvu na kuongeza joto.

Wanaotaka nyaya zifichwe hupendelea kuunganisha moja kwa moja kwenye kisanduku cha fyuzi. Kazi hiyo ina masharti yake. Waya uchukuliwe kwenye njia inayowaka ufunguo unapozungushwa na kuzimika unapotolewa. Uwe na fyuzi yake karibu na pale umeme unapoanzia, na fyuzi hiyo ilingane na unene wa waya. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, ni ishara ya hitilafu inayopasa kutafutwa. Kuweka kubwa zaidi, au kuifunga kwa karatasi ya sigara na vipande vya waya, ni kualika moto ndani ya gari lenye watoto.

Kuhusu njia isiyozimika, hesabu yake ni rahisi. Tuseme skrini, kigeuzi na kijiti vinakula ampia 2 kwa pamoja. Vikiachwa vimewaka usiku kwa saa 12, vitakuwa vimekunywa ampia-saa 24. Betri ya ampia-saa 45 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya akiba yake, na huenda asubuhi gari likakataa kuwaka.

Kuna onyo jingine kwa wenye magari ya Toyota. Fundi akitoa waya wa betri, mitambo mingi ya Kijapani hujifunga na kudai kadi yake ya ramani au nambari ya siri. Kadi hiyo ikiwa ilipotea, utalazimika kutafuta nambari ya kuufungua kabla ya kusikia hata wimbo mmoja. Muulize fundi wako iwapo kazi yaweza kufanywa bila kutoa betri, na uhakikishe kadi ipo mahali pake.

SAUTI NA MASIKIO YA WATOTO

Sauti ikipitia kwenye plagi za rangi au HDMI hadi kwa mtambo mkuu, itatoka katika spika za gari zima. Dereva atalazimika kusikiliza vibonzo vile vile kutoka Nairobi hadi Kisumu. Wengi huchoka nayo mapema.

Njia mbadala ni hedifoni. Baadhi ya skrini za darini hutuma sauti kwa miale isiyoonekana, hivyo huhitaji hedifoni zilizoundwa kwa mfumo huo. Fire TV Stick nayo huweza kuunganishwa moja kwa moja na hedifoni za Bluetooth, bila kupitia kwa mtambo. Kwa watoto wawili au zaidi, kigawanyaji cha waya kwenye tundu la hedifoni la skrini hutosha.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) zilitoa mwongozo mwaka 2019 unaopendekeza kiwango cha desibeli 75 kwa watoto kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kwa kuwa mngurumo wa barabara huwafanya watoto kuongeza sauti bila kujua, nunua hedifoni zenye kikomo cha sauti.

Iwapo mvumo unasikika katika spika na kupanda kila unapokanyaga mafuta, chanzo ni umeme wa alteneta unaopenya kwenye njia ya sauti. Mara nyingi huondoka vifaa vyote vikifungwa waya hasi mahali pamoja, au kwa kuweka kichujio kidogo kwenye waya wa sauti.

INTANETI NDIYO GHARAMA KUBWA

Kifaa hununuliwa mara moja. Intaneti hulipiwa kila safari. Hapa ndipo bajeti za wengi huvunjika, na ndipo pia akiba kubwa inapopatikana.

Kijiti hupata intaneti kutoka kwa simu iliyowashwa hotspoti au kifaa kidogo cha Wi-Fi chenye laini yake. Netflix, iliyoanza kupatikana Kenya Januari 2016, inaeleza kwamba picha ya kiwango cha chini hutumia takriban gigabaiti 0.3 kwa saa, ya wastani 0.7, na ya hali ya juu hufikia 3.

Tufanye hesabu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa, umbali wa kilomita 480 hivi. Tuseme skrini inawaka kwa saa 8. Kwa picha ya hali ya juu utatumia hadi gigabaiti 24. Kwa ya wastani ni 5.6, na kwa ya chini ni 2.4 pekee.

Sasa jiulize skrini yako yaweza kuonyesha nini. Mlango wa plagi za rangi chini ya mfumo wa NTSC hupitisha mistari 480 ya picha, basi. Hata ukitiririsha filamu ya mistari 1080, kigeuzi kitaipunguza hadi 480 kabla ya kuifikisha kwenye kioo. Anayetumia mlango huo na kuacha kijiti katika hali ya juu analipia gigabaiti ambazo macho ya watoto wake hayatawahi kuziona. Kwa kubadilisha mpangilio mmoja tu, atapunguza matumizi kwa zaidi ya robo tatu na picha isionekane kupungua sana.

Mpangilio huo kwenye Netflix hupatikana katika akaunti, chini ya wasifu wa kila mtumiaji, ambapo huchaguliwa kiwango cha matumizi ya data. Fungulia watoto wasifu wao na uuweke katika hali ya wastani au ya chini. Kwenye YouTube, chagua mistari 480 au pungufu unapocheza video.

Zingatia pia aina ya malipo unayotoa kwa kampuni ya filamu. Mipango ya bei nafuu ya simu pekee hairuhusu kutazama kwenye kijiti. Isitoshe, tangu mwaka 2023 Netflix imekaza sheria ya kutumia akaunti moja nje ya nyumba, hivyo kijiti kinachotumia hotspoti ya simu chaweza kudai uthibitisho kwa nambari maalum. Ni heri jambo hilo litatuliwe mkiwa nyumbani kuliko mkiwa Mtito Andei na watoto wakilia.

Mawimbi nayo hayalingani barabara nzima. Netflix inapendekeza kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya mistari 720, na megabiti 5 kwa ya 1080. Katikati ya miji mikubwa hilo si tatizo. Katika nyika zilizo baina ya miji, mawimbi yaweza kufifia na filamu kuganda. Picha ya kiwango cha chini hustahimili zaidi hali hiyo.

USALAMA KWANZA

Skrini ya nyuma ni ya abiria. Dereva hapaswi kuiona akiwa usukani, wala kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Mitambo mingi hukata picha ya skrini ya mbele gari linapoanza kwenda, huku ya nyuma ikiendelea. Kuna mafundi wanaojitolea kuondoa kizuizi hicho kwa kuunganisha waya wa breki ya mkono na bodi. Kataa. Kizuizi hicho kiliwekwa kwa sababu sekunde mbili za kutazama filamu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni sawa na kusafiri mita 44 ukiwa umefumba macho.

Kijiti, kigeuzi na kebo zifungwe imara. Kitu kidogo kisichofungwa hugeuka kombora gari linapogonga au kufunga breki za ghafla. Nyaya zisipitishwe mbele ya mifuko ya hewa ya usalama, ambayo katika magari mengi ya kisasa imefichwa pia kwenye nguzo za pembeni na kando ya dari. Fundi asiyejua ilipo asiruhusiwe kufungua dari.

Mkanda wa usalama na kiti cha mtoto ni muhimu kuliko filamu. Mtoto asifunguliwe mkanda ili aone skrini vyema. Wanaopatwa na kichefuchefu wapumzishwe kutazama, hasa kwenye barabara zenye kona nyingi.

Joto nalo ni adui. Gari lililoachwa juani Mombasa au Garissa huwa tanuri, na vijiti hivi havikuundwa kwa mazingira hayo. Kitoe unapoegesha kwa muda mrefu. Kipande cha kebo ya HDMI cha kurefusha husaidia kukiweka mahali penye hewa, mbali na joto la mtambo, na pia huboresha Wi-Fi kwa kukiondoa nyuma ya vyuma vya dashibodi.

MATATU NA MABASI

Wenye magari ya uchukuzi wa umma wasidhani akaunti ya nyumbani inawatosha. Masharti ya Netflix yanasema huduma ni ya matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Kuonyesha filamu kwa abiria waliolipa nauli ni maonyesho ya hadharani, na huingia chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Aidha, maonyesho ya filamu kwa umma husimamiwa na Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB). Mwenye basi atafute leseni zinazohitajika kabla ya kufunga skrini.

JE, KUNA NJIA RAHISI ZAIDI?

Kwa baadhi ya familia, jibu ni ndiyo. Tangu Novemba 2016, Netflix huruhusu filamu zake nyingi kupakuliwa kwenye simu na tableti. Tableti iliyojazwa filamu kwa Wi-Fi ya nyumbani usiku wa kuamkia safari, kisha ikafungwa imara nyuma ya kiti cha mbele, haihitaji kigeuzi, hotspoti wala fundi. Haikatiki Tsavo na haili data barabarani. Skrini yenye tundu la USB nayo yaweza kucheza video zako mwenyewe kutoka kwa diski ya flashi.

Kijiti kinamfaa zaidi mwenye skrini kubwa yenye mlango wa HDMI, mwenye abiria kadhaa wanaotazama pamoja, na anayesafiri sana kwenye njia zenye mawimbi ya kutegemewa. Asiye na hayo atafaidi zaidi na tableti.

Anayeamua kuendelea na kijiti afuate utaratibu huu. Kwanza, akague mlango wa picha kwenye mtambo na skrini. Pili, akisanidi kijiti nyumbani kwenye runinga: aingize akaunti, aweke nambari ya siri ya kuwazuia watoto kuona yasiyowafaa, na akiunganishe na hotspoti ya simu itakayotumika safarini. Tatu, ajaribu mnyororo mzima gari likiwa limeegeshwa na nyaya zikiwa bado wazi, filamu icheze kwa nusu saa huku akigusa chaja na kigeuzi kuona kama vinachemka. Nne, apunguze kiwango cha picha kilingane na skrini. Baada ya hayo yote ndipo amwite fundi wa kuficha nyaya.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Nusu saa ya ukaguzi uwanjani kwako itakuonyesha iwapo gari lako linahitaji kijiti, kigeuzi, skrini mpya au tableti tu, na itakuepushia kulipia kifaa ambacho hakina pa kuchomekwa.